Kuacha Pombe: Utulivu na Ukweli wa Kila Siku

 

Leo nazungumza nawe mama, au nawe mlezi, uliyeacha pombe hivi karibuni. Pengine ni wiki mbili sasa, pengine ni miezi mitatu. Watu wa nyumbani wanakupongeza. Watoto wanakula kwa wakati. Lakini moyoni hakuna amani. Usingizi hauji. Mtoto akiangusha sufuria unapandwa na hasira. Na kuna sauti inayokunong'oneza kwamba kikombe kimoja tu kingetuliza haya yote. Jambo hilo hujamwambia mtu.

Tujiulize maswali mawili. Kwa nini utulivu hauji mara tu mtu anapoacha pombe? Na kusema ukweli kunasaidia vipi kuuleta?

Kwa nini mwili hautulii

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujizoeza kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kushindana na pombe hiyo. Ni kama mtu anayesukuma mlango huku mwenzake akiusukuma kutoka upande wa pili. Mwenzake akiondoka ghafla, yeye huanguka kifudifudi. Ndivyo ubongo unavyokuwa pombe inapokatwa: mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo hupiga mbio, usingizi hupotea.

Kwa watu wengi, makali hayo hupungua baada ya wiki moja hivi. Lakini usingizi mbaya, huzuni na hasira za haraka huweza kuendelea kwa wiki kadhaa, hata miezi. Basi mama, ukiwa katika hali hiyo, hukurogwa wala hujashindwa. Ubongo unajifunza upya kuishi bila pombe, na hupata nafuu pole pole.

Hapa nataka usikilize kwa makini. Aliyekuwa akinywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege, hasa katika siku mbili za kwanza. Wengine, kuanzia siku ya pili hadi ya nne, huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Hali hizi zinaweza kuua. Hospitalini kuna dawa za kuzuia hatari hiyo, kwa hivyo nenda huko kwanza.

Uongo unavyomrudisha mtu kwenye pombe

Anayekunywa kwa siri hujifunza mambo mengi ya kuficha. Chupa huwekwa nyuma ya debe la unga. Pesa za karo huitwa pesa za dawa. Harufu hufunikwa kwa peremende. Pombe ikiachwa, mazoea hayo hayaondoki siku hiyo hiyo. Mama anaweza kuwa hajaonja tone, lakini bado anasema alikuwa sokoni ilhali alikuwa amesimama nje ya nyumba ya mama pima, akijiuliza aingie au asiingie.

Kila uongo unahitaji ulinzi. Ni lazima ukumbuke ulimwambia nani nini. Ukisikia hatua mlangoni unashtuka. Mwili unaoishi kwa hofu hautulii, na mwili huo unakumbuka dawa moja tu ya hofu, nayo ni pombe. Hivyo ndivyo uongo mdogo usiohusu pombe hata kidogo unavyoweza kumrudisha mtu kwenye kikombe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, watu wawili waliokuwa wamelemewa na pombe, mmoja mfanyabiashara wa hisa na mwingine daktari, waligundua jambo moja. Kila mmoja alipozungumza bila kuficha na mlevi mwenzake, aliweza kukaa bila kunywa. Kutokana na mazungumzo hayo kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Moja ya hatua zake 12 humtaka mtu ajichunguze kila wakati, na akigundua amekosea akiri mara moja.

Siku ina asubuhi, mchana na jioni

Usijiwekee ahadi ya maisha yote, kwani ni mzigo mzito kuubeba kwa mara moja. Jiwekee ahadi ya leo.

Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko au kushika simu, kaa kitako kwa dakika tano. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Rudia mara kumi. Kutoa pumzi polepole husaidia kupunguza mapigo ya moyo. Kama wewe ni mtu wa sala, huu ni wakati wa sala. Halafu jiambie kwa sauti: "Leo sinywi." Kesho itajisemea kesho.

Mchana, hamu ikija, jiulize mambo manne. Je, nina njaa? Nina hasira? Nina upweke? Nimechoka? Mara nyingi utakuta mojawapo ipo. Mwenye njaa ale, hata kama ni uji au kiazi kimoja. Mwenye hasira atoke nje kidogo, ila kwanza amwachie mtu mzima mtoto au amweke mahali salama. Mpweke ampigie mtu simu au avuke ua kwa jirani. Aliyechoka alale kidogo, nguo zitafuliwa jioni. Na kumbuka hamu ni kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Kwa kawaida hupungua ndani ya nusu saa. Kazi yako ni kuivuka nusu saa hiyo, mbali na mahali penye pombe.

Zijue pia siku zako ngumu. Kwa mwingine ni siku ya malipo, kwa mwingine ni siku ya chama, matanga au harusi. Badilisha njia ya kurudi nyumbani. Mwombe mwenzako mwende pamoja na mrudi pamoja. Yule wa Pwani ambaye shoga zake hukutana mangweni, awaalike nyumbani kwa kahawa na mahamri.

Jioni, watoto wakishalala, fanya hesabu ya siku. Jiulize: Leo nimemdanganya nani? Nimemkosea nani? Na nimefanya jema gani? Usiliache swali la tatu, maana anayehesabu mabaya peke yake hukata tamaa. Penye uongo, urekebishe kesho yake mapema kabla haujaota mizizi. "Jana nilikwambia nilikuwa sokoni. Sikuwa sokoni." Maneno hayo ni machache, lakini usiku wake utaona tofauti.

Ukweli aambiwe nani?

Ukweli si kutangaza mambo yako kanisani, msikitini au kisimani. Chagua mtu mmoja asiyekunywa, anayejua kutunza siri, na asiyekucheka. Anaweza kuwa dada, shangazi, mhudumu wa afya ya jamii, au mtu aliyepitia njia hiyo hiyo. Zungumza naye kila siku, hata kwa dakika tatu.

Wa pili ni muuguzi au daktari. Mama wengi huficha pombe kliniki kwa kuogopa kusemwa. Lakini baadhi ya dawa hugombana na pombe. Dawa za kifua kikuu pamoja na pombe zinaweza kuharibu ini. Dawa za usingizi pamoja na pombe zinaweza kuzuia pumzi. Kama una mimba, hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Kama unanyonyesha, pombe huingia katika maziwa. Muuguzi hawezi kukulinda wewe na mtoto dhidi ya jambo asilolijua.

Wa tatu ni mtoto wako. Mtoto huona mengi kuliko tunavyodhani, na asipoelezwa hudhani yeye ndiye aliyekosa. Mweleze kwa kipimo cha umri wake: "Mama alikuwa mgonjwa kwa sababu ya pombe. Si kosa lako. Sasa natibiwa." Usimwahidi kwamba haitatokea tena kamwe. Mwahidi kwamba hutamdanganya.

Ukiteleza

Wengi wanaopona huteleza mara moja au zaidi. Kinachozidisha hatari ni kuficha. Anayeficha jioni ya kwanza hunywa jioni ya pili ili asahau aibu, na ya tatu ili asitetemeke. Anayesema siku hiyo hiyo hupata msaada siku hiyo hiyo.

Usiku huo, jambo la kwanza ni mtoto. Usilale naye kitanda kimoja ukiwa umekunywa, kwani usingizi wa pombe ni mzito na unaweza kumlalia mtoto mchanga akakosa hewa. Mkabidhi bibi yake, shangazi yake au mtu mwingine mzima ambaye hajanywa. Jambo la pili, mpigie simu mtu wako na useme neno moja: "Nimekunywa." La tatu, asubuhi anza tena. Uliyojifunza hayajapotea. Lakini kama umekunywa sana kwa siku kadhaa mfululizo, usikate ghafla peke yako. Rudi kituo cha afya.

Ikiwa ulichoacha si pombe bali ni heroini, yaani unga, jambo hili lina uzito zaidi. Baada ya kukaa bila kutumia, mwili hupoteza mazoea yake, na kipimo ulichokuwa ukitumia zamani kinaweza kukuua. Mama mja mzito anayetumia unga asiache ghafla kwa kujikaza na arosto, kwa sababu mimba inaweza kupata madhara. Aende hospitalini. Kuna dawa iitwayo methadoni, ambayo hutolewa kwa uangalizi wa wahudumu wa afya. Ilianza kutolewa nchini Kenya mwaka 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikafika Malindi na Mombasa.

Kwako unayeishi naye

Nawe mama mkwe, dada, mume au binti mkubwa, una kazi yako. Siku atakayokuambia ukweli mchungu, neno lako la kwanza liwe: "Asante kwa kuniambia." Ukianza kwa matusi, kesho atarudi kwenye uongo, nawe utabaki gizani. Usimnuse kikombe kila saa, lakini pia usimdanganyie mwajiri kwamba ana malaria. Usimpe "kidogo tu" wakati wa sherehe. Kubalianeni mapema, mkiwa wote mmetulia, kwamba akinywa, mtoto atalala kwako usiku huo. Hiyo isiwe adhabu. Ni mpango wa kumlinda mtoto, na mama mwenyewe ataushukuru.

Mpeleke hospitalini bila kungoja kama ana degedege, anaona vitu visivyokuwapo, amechanganyikiwa, anatapika bila kukoma, au anasema hataki kuishi. Wakati wa kumpeleka, usimwache peke yake.

Ya kukumbuka

Kwanza, kukosa utulivu baada ya kuacha pombe ni sehemu ya kupona, na hupungua. Pili, ahadi yako ni ya leo. Tatu, kila jioni fanya hesabu ya siku, na uwe na mtu mmoja unayemwambia ukweli. Nne, ukiteleza, mlinde mtoto na useme siku hiyo hiyo.

Kwa ushauri kuhusu pombe na dawa za kulevya, unaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 1192 ya mamlaka ya NACADA. Unaweza pia kuuliza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Mama, haba na haba hujaza kibaba. Siku moja ya ukweli ni ndogo, lakini ndiyo tuliyo nayo. Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, jiulize yale maswali matatu.