Njia ya Hewa Ndani ya Kasha: Ufungaji wa Vifaa na Uendeshaji wa Feni

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta ya mezani huishia kuwa joto, kwa sababu mashine hiyo hainyanyui mzigo wala haisukumi chochote kizito, na kazi yote ya kukokotoa huacha nyuma vipande vya madini vilivyopata moto. Kompyuta inayotumia wati 300 ni hita ya wati 300, na kazi ya fundi ni kulitafutia joto hilo mahali pa kutokea. Watu wengi hukimbilia idadi ya feni na kasi yake, ilhali feni haitengenezi ubaridi. Pangaboi la darini humpoza aliyekaa chini yake kwa kuharakisha kukauka kwa jasho lake, lakini kichakataji, yaani kile kipande ambacho mafundi hukiita prosesa, hakitoki jasho, na hewa inayopulizwa juu yake haiwezi kukishusha chini ya joto la chumba hata feni izunguke vipi. Feni huhamisha tu: huvuta hewa ya chumbani, huipitisha penye moto, kisha huitoa nje ikiwa imebeba joto. Kwa hiyo ufungaji wa vifaa na uendeshaji wa feni havitenganishiki, kwa kuwa kila kifaa kinachotiwa ndani ya kasha ama huiachia hewa njia ama huiziba.

Kiasi cha hewa kinachohitajika hakina fumbo. Lita moja ya hewa iliyo karibu na usawa wa bahari ina uzito wa takriban gramu 1.2, na kila gramu huhitaji takriban juli 1 ya nishati ili joto lake lipande kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Hivyo, ili wati 300, yaani juli 300 kwa kila sekunde, ziondolewe na hewa inayopanda joto kwa nyuzi 10 tangu inapoingia hadi inapotoka, kasha halina budi kupitisha lita 25 kwa sekunde. Feni ya kawaida ya milimita 120 huweza kukikaribia kiasi hicho ikiwa wazi bila kizuizi, lakini ikishafungwa nyuma ya chujio la vumbi na wavu wa kasha hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, jambo ambalo maandishi ya kwenye boksi huwa hayalisemi kwa sauti. La kuzingatia zaidi ni mwendo wa hesabu yenyewe: lita 50 kwa sekunde hulishusha ongezeko la joto hadi nyuzi 5, na lita 100 hulishusha hadi nyuzi 2.5, maana yake kila hewa inapoongezwa maradufu, faida inayopatikana ni nusu ya ile iliyotangulia, huku kelele ikizidi. Kasha lenye feni tisa za taa za rangi, aghalabu, ni pambo.

Mahali inapotumika kompyuta pana uzito wake katika hesabu hiyo. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ina hewa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, na lita zile zile 25 zitapanda joto kwa nyuzi 12 hivi badala ya 10. Hata hivyo, chumba cha Nairobi chenye nyuzi 24 kitaitoa hewa hiyo ikiwa na nyuzi 36, ilhali chumba cha pwani chenye nyuzi 32 kitaitoa ikiwa na nyuzi 42, kwa hiyo wepesi wa hewa ya milimani hulipwa na ubaridi wake kwa ziada. Anayefunga kompyuta pwani hufaidika zaidi kwa kuiweka mbali na ukuta na kufungua dirisha kuliko kwa kununua feni ya nne.

Namna vifaa vinavyopangwa leo ni urithi wa historia ambayo hewa haikushirikishwa sana. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, iliyopewa namba 5150, ilikuwa na pawa sapulai ya wati 63.5 na feni moja tu, iliyokaa ndani ya pawa sapulai hiyo, na kichakataji chake aina ya Intel 8088 kilikaa wazi juu ya ubao bila chuma chochote cha kukipoza. Intel ilipotoa muundo wa ATX mwaka 1995, uliouwekea ubao mama kipimo cha milimita 305 kwa 244, ilipendekeza feni ya pawa sapulai ivute hewa ya nje na kuipuliza juu ya kichakataji, ili feni moja itumikie vifaa viwili. Lakini hewa hiyo ilikuwa imekwisha kupata moto ndani ya pawa sapulai kabla ya kufika ilikotakiwa, na baadaye mwelekeo ukageuzwa. Mwaka 2004 Intel ilijaribu tena kwa muundo wa BTX, uliopanga vifaa vyenye moto katika mstari mmoja kutoka mbele hadi nyuma, na kwa upande wa hewa huo ulikuwa mpango bora kuliko uliotangulia. Uliachwa mwaka 2006, vichakataji vipya vilipopunguza matumizi ya umeme, na soko likabaki na ATX.

Tokeo lake ni kwamba kadi ya michoro, ambayo katika muundo huo hulala mlalo katikati ya kasha, imegeuka kuwa dari ya chumba cha chini na sakafu ya chumba cha juu. Kadi ya NVIDIA GeForce RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, ina urefu wa milimita 304 na hutumia hadi wati 450, zaidi ya mara saba ya uwezo wa pawa sapulai yote ya ile IBM ya 1981. Feni zake hutazama chini na kuvuta hewa ya chumba cha chini, kisha sehemu kubwa ya joto lake hupanda kwenye chumba cha juu, ambamo kichakataji kinangoja kupozwa. Anayeufahamu mgawanyo huu ataelewa kwa nini feni ya mbele iliyo chini kabisa, ambayo wengi huidharau, ndiyo inayoilisha kadi hiyo hewa safi, na kwa nini kuiziba kwa fungu la nyaya za ziada ni kuinyima kadi pumzi.

Kazi ya kufunga yenyewe haina ugumu mkubwa, mradi umeme umechomolewa na fundi ameshika chuma cha kasha ili umememtuli wa mwilini mwake usipitie kwenye vifaa. Panapohitaji jicho kali ni kwenye zile nguzo fupi za shaba ambazo ubao mama hukalia. Kila nguzo lazima iangukie chini ya tundu la skrubu la ubao, kwa kuwa nguzo iliyosahaulika mahali pasipo na tundu hugusa mgongo wa ubao, ambako pana ncha za risasi zilizochomoza, na kuleta shoti inayoweza kuizuia kompyuta isiwake au kuuunguza ubao kabisa. Vipimo navyo hukaguliwa kabla ya kununua: kipozeo cha Noctua NH-D15, kwa mfano, kina kimo cha milimita 165, na kasha jembamba halitafunga mfuniko wake wa ubavuni juu ya kipozeo hicho. Vijiti vya RAM, kama ni viwili kwenye ubao wa nafasi nne, kwa kawaida hukaa nafasi ya pili na ya nne kuanzia upande wa kichakataji. Nyaya hupitishwa nyuma ya bamba linaloshikilia ubao.

Kipozeo cha kichakataji ni kitako cha shaba kinachogusa kichakataji, mirija inayolibeba joto kutoka kwenye kitako hicho, na mapezi membamba ya alumini yanayolimwaga hewani. Kati ya kitako na kichakataji hupakwa pesti ya kupitishia joto, tone lisilozidi punje ya kunde, ambayo kazi yake ni kujaza mikwaruzo midogo isiyoonekana ambamo vinginevyo hewa ingenaswa na kuzuia joto lisipite. Pesti yenyewe hupitisha joto vibaya kuliko shaba, na ndiyo sababu tabaka nene huharibu kile lilichowekwa kukisaidia. Kipozeo hufungwa kwa skrubu zinazokazwa kwa zamu na kwa mshazari ili kitako kisilemee upande mmoja, na feni yake hutazamishwa ili ipulize kuelekea feni ya nyuma ya kasha.

Upande ambao feni hutolea hewa hujulikana bila kuiwasha: ni ule wenye mikono ya plastiki inayoshika mota katikati. Mpangilio uliozoeleka, wa feni mbili au tatu za mbele zinazoingiza hewa na moja ya nyuma inayoitoa, umedumu kwa sababu unafuata mwelekeo wa kipozeo na haupigani nao. Hoja kwamba hewa ya moto hupanda, hivyo lazima itolewe juu, ni ya kweli katika chumba kitulivu, lakini ndani ya kasha nguvu ya kupanda huko ni ndogo mno mbele ya feni hata ya polepole. Feni ya kutolea hewa ikifungwa juu karibu na mbele, hunyakua hewa baridi kabla haijakifikia kipozeo na kuirudisha nje bila kufanya kazi yoyote, na hilo ni kosa linaloonekana hata katika kompyuta za bei kubwa. Ni vyema pia hewa inayoingizwa izidi kidogo ile inayotolewa, kwani hapo ziada hutafuta pa kutokea kwenye nyufa za kasha, na vumbi huingilia mahali pamoja tu, penye chujio. Uwiano ukipinduka, kila ufa hugeuka mdomo wa kuvutia vumbi.

Feni ya kisasa huunganishwa na ubao mama kwa plagi ya matundu manne. Nyaya mbili hubeba umeme wa volti 12 na njia yake ya kurudi. Wa tatu hutoa mipigo miwili kwa kila mzunguko, na kwa kuihesabu mipigo hiyo ubao hujua kwamba feni inayotoa mipigo 40 kwa sekunde inazunguka mara 1,200 kwa dakika. Wa nne hubeba amri ya kasi, inayoitwa PWM, ambayo ni mfululizo wa mipigo karibu 25,000 kwa sekunde, wingi usioweza kusikika na sikio la binadamu, na urefu wa kila mpigo ndio unaoiambia feni iende asilimia ngapi ya kasi yake. Waya huo wa nne ukikatika, feni haizimi bali hukimbia kwa kasi yote, uamuzi wa busara wa waliouandika muundo huo. Feni ya zamani yenye nyaya tatu haina sikio la kupokea amri hiyo, na soketi yake isipobadilishwa kwenye BIOS kutoka PWM kwenda udhibiti wa volti, nayo itakimbia kwa kasi yote siku nzima. Soketi nyingi hubeba ampea 1, hivyo anayegawa soketi moja kwa feni kadhaa hujumlisha ampea zilizoandikwa kwenye vibandiko vyake, na katika feni hizo moja tu ndiyo hurudisha waya wa tatu.

Kasi ikishuka hadi nusu, hewa nayo hushuka hadi nusu, lakini msukumo hushuka hadi robo, umeme unaoliwa hadi moja ya nane, na kelele kwa takriban desibeli 15. Feni mbili za aina moja zinazokwenda nusu ya kasi huongeza desibeli 3 tu juu ya moja, kwa hiyo hupitisha hewa ya feni moja inayokwenda kasi kamili zikiwa kimya zaidi kwa desibeli 12 hivi, mradi hakuna kizuizi kikubwa mbele yake. Hii ndiyo sababu pekee yenye maana ya kuongeza feni.

Katika BIOS mtumiaji huchora mchoro wa kasi, yaani mstari unaoambatanisha kila kiwango cha joto na asilimia ya kasi, na wengi huuchora kwa kufuata joto la kichakataji kwa feni zote. Kichakataji ni kipande kidogo, na kufungua programu moja huweza kukirusha kwa nyuzi 20 ndani ya sekunde moja, ilhali kipozeo chake cha chuma hakijahisi kitu. Feni inayoutii mruko huo hupanda na kushuka sauti mchana kutwa bila faida. Dawa yake ni kuweka ucheleweshaji wa sekunde kadhaa, kisha kuziacha feni za kasha zifuate joto la ubao mama au, panapokuwa na programu inayoruhusu, joto la kadi ya michoro, ambalo hupanda taratibu na ndilo linalolijaza kasha. Vichakataji vingi vya Intel hujipunguzia kasi vinapofika nyuzi 100, na vya AMD Ryzen vingi nyuzi 95, hivyo mstari unaobaki chini hadi nyuzi 60 na kufika asilimia mia kwenye nyuzi 85 au 90 hauna hatari.

Vumbi huubadilisha mpango wote huu polepole, hasa pwani, ambako unyevu na chumvi ya bahari huweza kulifanya ligande kwenye mapanga na mapezi. Anayelipuliza kwa blowa hushika mapanga ya feni kwa kidole, kwa sababu feni ikizungushwa na upepo kupita kasi yake huumia beringi. Baada ya kusafisha, kompyuta huendeshwa kwa kazi nzito kwa nusu saa, joto likaandikwa, kisha mfuniko wa ubavuni ukaondolewa na kazi ile ile ikaendelea. Joto likishuka kwa nyuzi nyingi, kasha linakosa hewa ya kuingia, na chujio na wavu wa mbele ndivyo vya kutazamwa. Lisiposhuka, kasha halina kosa, na kipozeo kifunguliwe, pesti ikaguliwe.