Ada ya Kujitoa: Waonyeshe Kazi Kwanza

Mkulima wa Kiegei, Nachingwea, anapopeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, anajua fika kwamba bei iliyotangazwa kwenye mnada wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI si ndiyo itakayoingia kwenye akaunti yake. Kuna makato: ya chama, ya ghala, ya usafirishaji. Atanung'unika, na mara nyingi ana haki ya kunung'unika, lakini kila kato lina jina, na anayeuliza kwenye mkutano anapaswa kusomewa. Mwanawe aliyeko Uingereza, Reading au Leicester, anatumiwa ankara ya pauni 300 na kampuni ambayo hakumbuki hata lini alikubaliana nayo, naye analipa kimyakimya. Hizo si mbali na shilingi milioni moja. Kule Nachingwea ni hela ya palizi, na ya mafuta ya mashine ya kupulizia.

Kampuni zenyewe ni zile za kufuatilia madai kwa niaba ya wateja. Zilinenepa Uingereza wakati wa PPI, bima za mikopo walizobandikwa watu bila kuzitaka, ambazo mwisho wa kuzidai ulikuwa 29 Agosti 2019. Sasa zimehamia kwenye mikopo ya magari. Wauzaji wa magari walikuwa wakilipwa kamisheni na wakopeshaji, na katika mipango mingine muuzaji akimpandishia mteja riba, kamisheni yake nayo ilipanda. Mipango ya aina hiyo ilipigwa marufuku Januari 2021. Mahakama ya Juu ilitoa hukumu yake kuhusu kamisheni hizo 1 Agosti 2025, na Oktoba mwaka huohuo FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, ikapendekeza mpango wa fidia kwa mikopo ya kati ya Aprili 2007 na Novemba 2024, kwa wastani wa takriban pauni 700 kwa mkopo mmoja. Wengi wetu tumo humo. Nani kati ya wanaokesha zamu za usiku kwenye nyumba za wazee alinunua gari kwa taslimu?

Mambo huanza kwa tangazo kwenye simu. Jina, anwani, sahihi ya kidole kwenye kioo, basi. Miezi ikipita mtu anaambiwa na mwenzake kwamba angeweza kumwandikia mkopeshaji mwenyewe bila kulipa hata senti. Anaomba kujitoa, na ankara inafuata.

Kanuni zinasemaje? Ndani ya siku 14 za kwanza unajitoa bila kutozwa ada. Zikipita, kampuni inaweza kutoza, ila ada hiyo iwe ya haki na ilingane na kazi iliyokwisha kufanyika. Ugomvi wote uko hapo kwenye kazi. Barua moja kwa mkopeshaji, tena ile inayotumwa kwa kila mteja kwa kubadilisha jina tu, kwa maoni yangu haifiki pauni 300. Pima na hili: hata dai likifanikiwa, tangu 1 Machi 2022 kampuni hairuhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 30 ya fidia iliyo chini ya pauni 1,500, na kwa vyovyote isizidi pauni 420, bila kuhesabu VAT. Fidia ikiwa pauni 700, ada haizidi 210. Anayekudai 300 kwa kazi ambayo hakuimaliza ana maelezo ya kutoa.

Basi muulize, kwa maandishi. Simu iache, maana kesho hutakuwa na cha kuonyesha. Omba nakala ya mkataba yenye tarehe, na maelezo uliyotakiwa kupewa kabla ya kusaini, ambamo ada ya kujitoa ilipaswa kutajwa. Omba pia orodha ya kazi: nini kilifanyika, siku gani, kwa muda gani, kwa bei gani. Kiingereza chako cha kila siku kinatosha. Andika wazi kwamba haya ni malalamiko rasmi, kwa sababu tangu hapo kampuni ina wiki nane za kutoa jibu la mwisho. Jibu lisipokuridhisha, una miezi sita ya kulipeleka shauri Financial Ombudsman Service, ofisi ya usuluhishi ambayo haimtozi mlalamikaji chochote. Ukikubali uamuzi wake, kampuni inabanwa nao.

Ila kwanza soma maandishi madogo chini ya barua. Baadhi ya wanaofuatilia madai haya ni ofisi za mawakili, wasimamizi wao ni SRA, na malalamiko dhidi yao yanakwenda Legal Ombudsman. Wateja wengine wamesaini kote kuwili bila kujua, wakajikuta wanadaiwa na wawili kwa gari moja. Hao waandike barua mbili.

Wakusanya madeni wakianza kukuandikia, wajibu kwamba deni hilo unalipinga na uambatishe nakala ya malalamiko. Citizens Advice watakusaidia bure. Karatasi za mahakama ya kaunti hazivumilii uzembe: kwa England na Wales una siku 14 za kujibu, na ukirudisha fomu ya kukiri kuzipokea unapata hadi siku 28 za kuandaa utetezi. Ukizitupa kwenye droo, hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikilizwa, hata kama ada yenyewe haikuwa halali.