Wasee Wanaenda Galari Kulala! Hii Ndio Story Yenyewe

Manze, hebu jiulize: mara ya mwisho ulilala mchana bila kujiona mvivu ilikuwa lini? Wengi wetu tunalala kwa mathree, bag imekumbatiwa kama mtoto, jicho moja liko macho. Hiyo si kulala, hiyo ni kulinda mali ukiwa umefunga macho.

Sasa huko Marekani kuna wasee waliamua kulala ni form kamili, wakaipeleka hadi kwa majumba ya sanaa. Iko hivi: unaingia, unapata mkeka, mto na blanketi. Mtu anasoma mashairi ama muziki wa polepole unachezwa, halafu mbogi nzima inalala chini, pamoja. Mkiamka, mnapiga story kidogo kuhusu vile mmejiskia. Ni hivyo tu.

Aliyefanya hii kitu ijulikane ni Tricia Hersey, msanii aliyeanzisha The Nap Ministry mjini Atlanta mwaka wa 2016. Hersey alikuwa anasomea theolojia Chuo Kikuu cha Emory, huku analea mtoto na doo ni ngumu. Masomoni alikuwa anachimba historia ya watumwa na vile walifanyishwa kazi hadi mwili ukaisha. Yeye mwenyewe akiwa amechoka vibaya, akaanza kulala popote alipopata nafasi. Hapo ndio akashtuka: mababu zake walitumiwa kama mashine, na yeye pia alikuwa anajiendesha kama mashine. Akaanza kuita watu walale pamoja. Mwaka wa 2022 akatoa kitabu, Rest Is Resistance. Msimamo wake ni mmoja: ukipumzika, unakataa kugeuzwa mashine.

Lakini mbona galari, na kila mtu ana kitanda kejani?

Kwanza, si kila mtu ana kimya kejani. Kama mnaishi watu watano kwa bedsita na jirani ana spika kubwa, unajua. Pili, kulala mbele ya watu usiowajua kunataka uwaamini, na hiyo imani ni nusu ya dawa. Tatu, kitu kikiwekwa galari, watu hukiangalia mara mbili. Msee akilala kwa nyasi Jeevanjee saa saba mchana, tunapita tukisema ni aidola. Akilala galari, unalazimika kujiuliza ni nini kilimchosha hivyo.

Wasanii Navild Acosta na Fannie Sosa nao waliuliza swali hilo hilo. Kazi yao, Black Power Naps, ilionyeshwa Madrid mwaka wa 2018, na kufikia 2023 ilikuwa ndani ya MoMA, New York. Ilikuwa na vitanda vya kila aina, kimoja kimejazwa maharagwe meusi, na wageni waliruhusiwa kujitupa humo. Pointi yao: Marekani, watu weusi hulala masaa machache kuliko wazungu, na sababu si uvivu wala bahati mbaya. Ni shifti za usiku, kelele na wasiwasi wa kila siku.

Mimi nilipoacha koleji, kila mtu aliniambia nitalala njaa. Basi nikaacha kulala kabisa. Nilidhani usingizi ni wa watu waliotoboa. Nilichopata ni macho mekundu na kazi ya kurudia mara mbili.

Madaktari wa usingizi wanasema mtu mzima anahitaji angalau masaa 7 kila usiku. Mchana, dakika 20 hivi zinatosha. Ukizidisha sana unaamka kichwa kizito kuliko ulivyolala.

Na hauhitaji galari ya New York. Tafuta mabeshte watatu, mkeka na Jumapili mchana. Simu ziwekwe mbali, mmoja aweke alamu, wengine walale. Hasola itakungoja. Haijawahi kwenda popote.