Plastiki Laini na Karafuu Zetu

Baadhi ya wanachama wametuuliza: je, yafaa kuanika karafuu juu ya turubai la PVC laini? Twajibu kuwa haifai, na sababu yake ni hii.

Tazameni bomba gumu la maji na mpira wa kumwagilia bustani. Mara nyingi vyote viwili ni PVC. PVC ni minyororo mirefu ya molekuli iliyokamatana, nayo hailegei mpaka joto lifike kama digrii 80. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon aliipasha moto pamoja na vimiminika visivyochemka upesi, akapata kitu chenye kunepa kama mpira. Vimiminika vya namna hiyo twaviita vilainishi. Huingia kati ya minyororo na kuitenga, ikaweza kuteleza hata pasipo joto kali.

Wasuka ukili walijua jambo hili zamani. Miyaa mikavu hukatika, lakini ikiloweshwa hukunjika vizuri. Maji ndiyo kilainishi chake.

Kwa kawaida kilainishi kikiongezwa, plastiki huvutika zaidi, lakini nguvu yake hupungua. Sehemu 100 za PVC huweza kutiwa sehemu 50 za kilainishi, hata zaidi.

Hapo ndipo penye hatari. Kilainishi hakikufungwa na minyororo. Kimekaa kati yake tu, kama maji katika miyaa. Joto la jua hukitoa kidogo kidogo, na mafuta hukivuta. Ndiyo maana mpira wa zamani hukakamaa ukapasuka. Nayo karafuu kavu ina mafuta mengi, kama asilimia 15 hadi 20. Ikilala juu ya PVC laini yaweza kuchukua kilainishi. Vingine katika hivyo, vya jamii ya thaleti, Umoja wa Ulaya umevizuia katika vitu vya watoto vya kuchezea. Mnunuzi akivikuta katika karafuu, hasara itamrudia mkulima.

Si kila plastiki laini ina kilainishi. Polithini ni laini kwa asili yake. Lakini kwa macho si rahisi kuzitambua.

Basi twawanasihi wanachama: anikeni juu ya majamvi safi au sakafu ya saruji, tieni karafuu kavu katika magunia safi, na mafuta ya karafuu yawekeni katika chupa za kioo. Sifa ya karafuu ni harufu yake. Tusiichanganye na ya plastiki.