Kitanda Kipi cha Treni Kina Usingizi

Abiria wengi wa reli ya zamani, ile ya mita inayotoka Dar es Salaam hadi Kigoma, wakifika dirishani huuliza jambo moja tu: nafasi ipo? Wakipata tiketi ya daraja la pili kulala, wanashukuru na kuondoka. Nawasihi waulize na la pili: kitanda kiko wapi? Kwa safari ya zaidi ya kilometa 1,200, jibu lake ndilo litakaloamua kama utafika umelala au umekesha.

Magurudumu ya behewa yako karibu na ncha zake mbili. Yakigonga viungo vya reli, anayelala juu yake hupata kishindo chote. Aliye katikati kinamfikia kimepungua. Huko nchani ndiko pia viliko vyoo na milango, na watu hupita usiku kucha. Omba chumba cha katikati.

Ndani ya chumba, vitanda vimelazwa kukingama na mwendo, kutoka dirishani hadi ushorobani. Dereva akifunga breki, mwili wako hutaka kuendelea mbele. Ukiwa upande ambao ukikaa unatazama kichwa cha treni, breki hukuvuta ukingoni, na mtu anayeogopa kuanguka halali vizuri. Ukiwa upande wa pili, unaokipa kichwa mgongo, breki hukusukuma ukutani na ukuta unakushika. Watu husafiri miaka mingi bila kujua tofauti hiyo.

Kisha kuna ghorofa. Vitanda ni sita, vitatu kila upande. Cha juu huyumba zaidi, kama kilele cha mnazi, na joto la jioni hupanda huko. Lakini hakuna anayekuja kukikalia, unajilaza utakapo. Cha chini ni benchi la wote, na cha kati hubaki kimekunjwa mpaka wenzako wakubali kulala. Kijana na apande juu. Cha chini waachiwe wazee, wajawazito na wenye watoto wadogo.

Joto la Dar lisikudanganye. Dodoma na Tabora ziko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Juni au Julai upepo wa dirishani hupenya hadi mifupani. Beba blanketi, maji yako ya kunywa na karatasi ya chooni. Treni ikisimama kituoni usiku, funga dirisha, kwani mkono wa nje hufika kwenye mkoba.

La mwisho ni saa. Njia ni moja, kwa hiyo treni husubiriana vituoni ili zipishane, na masika mafuriko ya maeneo ya Kilosa yameshakata reli mara nyingi. Mwenye miadi Kigoma asiiweke siku ya kufika. Aiweke kesho yake.