Pedali ya Sauti: Ulaini Hutoka Wapi?

Katika tafsiri ya kiufundi, tunasisitiza mfasiri akielewe kifaa kwanza, ndipo atafute istilahi. Tuchukue mfano wa gitaa la stili, lipigwalo sana katika muziki wa kantri wa Marekani. Mpigaji hupiga uzi pedali ya sauti ikiwa imekanyagwa nusu. Mlio unapofifia, huikanyaga zaidi ili udumu.

Je, sauti ikiruka ghafla badala ya kupanda polepole, kosa ni la mguu? Mara nyingi ni la potenshiomita, kifaa kidogo kinachozungushwa na pedali ili kupitisha umeme kidogo au mwingi. Sikio hupima sauti kwa uwiano. Hivyo potenshiomita inayoongeza umeme kwa vipimo sawa hupandisha sauti karibu yote mwanzoni mwa mkanyago. Dawa ni kuweka ya logi, inayoongeza kidogo mwanzoni na kwa wingi mwishoni. Kwa kawaida ni ya kilo-omu 500.

Kumbe "udhibiti laini" hapa si ulaini wa kugusa, bali ni sauti kupanda kwa hatua zinazolingana sikioni. Asiyejua hilo atatafsiri neno na kuiacha maana.