Kidole na Kishale: Jinsi Maandishi Yanavyosahihishwa kwenye Simu ya Kugusa

Ishara ya kuhariri ni mwendo wa kidole unaoiagiza simu ibadilishe maandishi. Miendo yenyewe ni michache: kugusa mara moja, kugusa mara mbili, kushikilia na kuburuta. Kwa miendo hiyo mtu hupeleka kishale mahali penye kosa, huchagua neno, hulinakili, hulikata au hulibandika kwingine. Kwenye kompyuta kazi hizo zimegawanywa kati ya kipanya na vitufe. Kwenye simu, kazi zote hukiangukia kidole, na ndiyo sababu kuzibuni ni kazi ngumu.

Kioo cha simu huhisi kidole kwa umeme. Kina utando mwembamba unaopitisha mwanga na umeme kwa pamoja, ambao kwa kawaida ni oksidi ya indiamu asilimia 90 na oksidi ya bati asilimia 10. Kidole kinapogusa huvuta chaji kidogo, na simu hukokotoa mahali chaji ilipobadilika. E. A. Johnson alieleza kioo cha aina hii nchini Uingereza mwaka 1965. Bati hupatikana katika kasiterite, jiwe zito ambalo wachimbaji wadogo wa Punia, kaskazini mwa Kindu katika mkoa wa Maniema, huchimba na kuliosha kwa maji ili litengane na mchanga. Utando wa kioo hutumia bati kidogo sana. Sehemu kubwa ya bati duniani huenda kwenye lehemu, ile inayoshikiza vipande vya umeme kwenye bodi ya simu.

Amri za kukata, kunakili na kubandika ni za zamani kuliko simu hizi. Larry Tesler na Tim Mott walizitia katika programu iitwayo Gypsy kwenye maabara ya Xerox PARC, California, katikati ya miaka ya 1970. Hata hivyo iPhone ilipoanza kuuzwa Juni 2007 haikuwa na amri hizo. Zilikuja Juni 2009. Wabunifu walipaswa kwanza kutatua jambo la msingi zaidi, yaani namna kidole kinene kitakavyolenga herufi nyembamba.

Kidole cha mtu mzima kina upana wa takriban milimita 16 hadi 20, ilhali herufi ya ujumbe wa simu aghalabu haifiki milimita 2. Tena kidole hufunika kilekile kinacholengwa. Mwaka 2007 watafiti Daniel Vogel na Patrick Baudisch walipendekeza simu ionyeshe juu ya kidole nakala ya sehemu iliyofunikwa. Kikuza cha iPhone, kidirisha kinachotokea mtu anaposhikilia maandishi, hufanya kazi ya namna hiyo. Apple ilikiondoa mwaka 2019, kisha ikakirudisha mwaka 2021. Android ilipata kikuza chake mwaka 2018.

Ugumu wa pili ni kwamba mguso mmoja una maana nyingi. Kidole hichohicho husogeza ukurasa, hufungua kiungo na huweka kishale. Simu hupambanua kwa muda na umbali. Kidole kikigusa na kuondoka upesi, huo ni mguso. Kikitulia kwa karibu nusu sekunde, neno huchaguliwa. Kikisogea kabla ya hapo, ukurasa hupanda au hushuka. Muda wa kusubiri ukifupishwa mno, maneno huchaguliwa bila kukusudiwa. Ukirefushwa, mwandishi hudhani simu imekwama. Neno likishachaguliwa, vishikizo viwili hutokea kwenye ncha zake ili viburutwe. Eneo linalohisi kidole huwa pana kuliko kishikizo kinachoonekana: Android hupendekeza kila kitu cha kuguswa kiwe na eneo la takriban milimita 9.

Ishara hizi hulichukua neno kama kipande kimoja. Kiingereza hakidhuriki sana, kwa kuwa maneno yake mengi ni mafupi na husahihishwa kwa kuandikwa upya. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi. Mfanyabiashara wa Kindu aliyemwandikia mteja mmoja wa Punia «tutawaletea mchele» badala ya «tutakuletea» ana kosa la herufi mbili tu, nazo ziko katikati. Akigusa mara mbili, neno zima huchaguliwa, na herufi moja itakayofuata hulifuta lote. Kwenye iPhone, mguso mmoja kwa kawaida hupeleka kishale mwanzoni au mwishoni mwa neno. Akifuta kuanzia mwisho, atafuta herufi saba na kuandika saba. Kishale kikifika mara tu baada ya «wa», kufuta ni mara mbili na kuandika ni mara mbili.

Kwa hiyo ishara inayomfaa zaidi mwandishi wa Kiswahili ni ile inayosogeza kishale herufi kwa herufi bila kidole kuyafunika maandishi. Mwaka 2012 Daniel Hooper alionyesha kwa video jinsi kidole kinavyoweza kuteleza juu ya kibodi na kishale kikafuata. Apple ilileta ishara ya jinsi hiyo kwenye iPad mwaka 2015, kwa vidole viwili, na mwaka 2018 ikaiweka kwenye kitufe cha nafasi cha iPhone: mtu hukishikilia, kisha huteleza. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, huteleza moja kwa moja juu ya kitufe hicho. Kwenye kibodi hiyohiyo, kuteleza kushoto kutoka kitufe cha kufuta huondoa neno zima kwa mara moja. Katika Kiswahili, neno hilo huenda likawa sentensi kamili.

Ishara ya mwisho ni ya kutendua, yaani kurudisha maandishi yalivyokuwa kabla ya badiliko. Kwenye iPhone ilianza kwa kutikisa simu mwaka 2009. Mwaka 2019 ikaongezwa ya kutelezesha vidole vitatu kushoto. Watu wengi hawazijui zote mbili, kwani hakuna alama yoyote kwenye kioo inayozitaja. Hiyo ndiyo kasoro ya ishara zote: ni za haraka kwa aliyefundishwa, hazionekani kwa asiyefundishwa. Kwa hiyo simu bado huonyesha menyu ndogo yenye maneno Kata, Nakili na Bandika kila neno linapochaguliwa, na mishale ya kusogeza kishale imebaki kwenye baadhi ya kibodi.